Umepata kazi ya onlaini na unataka kuhamia nje: viza uipate wapi, kodi uilipe wapi

Mtu akishapata kazi ya onlaini inayolipa kwa dola swali la kwanza huwa lile lile, nchi gani inatoa viza kirahisi kwa pasipoti yetu, niende nikakae na laptopu yangu. Swali zuri tu. Ila lina mwenzake ambalo watu hawaliulizi mpaka mambo yameshakwenda mrama: nikishahama, kodi nailipa wapi? Maana viza na kodi hazijuani. Watu wa uhamiaji wanataka kujua kama una ruhusa ya kukaa, watu wa mapato wanataka kujua umekaa siku ngapi na kwako ni wapi, ofisi mbili, sheria mbili, na unaweza kabisa kuwa na viza safi ya mwaka mzima ya nchi ya watu huku TRA bado wanakuhesabu mkazi wa Tanzania kwa mwaka huo huo.

Kwa hiyo hapa naanza na kodi ndo tuje kwenye viza. Najua ni kinyume na wengi wanavyofanya, lakini ukishaelewa kodi ya nyumbani ndo utaona nchi ipi inakufaa kweli na ipi ni mvuto wa picha tu.

TRA wanakuhesabu mkazi lini

Mwaka wa mapato kwa mtu binafsi ni Januari mpaka Desemba. Ndani ya mwaka huo kuna milango mitatu ya kukuingiza kwenye ukazi (upo na wa nne wa watumishi wa serikali waliopelekwa nje, huo tuuache), na wengi wanaujua mmoja tu.

Wa kwanza ndo huo maarufu wa siku 183. Ukiwepo Tanzania siku 183 au zaidi ndani ya mwaka, hata kama hazikufuatana, wewe ni mkazi.

Wa pili unawakamata wale wa kuruka ruka, miezi minne hapa miezi minne kule. Sheria inachukua mwaka huu na miaka miwili iliyotangulia, inatafuta wastani, na wastani ukizidi siku 122 kwa mwaka umeingia. Chukulia mtu alikuwa Dar siku 120 mwaka 2023, siku 130 mwaka 2024 na siku 140 mwaka 2025. Hakuna mwaka hata mmoja aliougusa 183, lakini jumla ni 390, gawa kwa tatu ni 130, kwa hiyo kwa 2025 huyo ni mkazi wetu na ushahidi uko kwenye pasipoti yake mwenyewe.

Wa tatu ndo balaa lenyewe na ndo nataka tukae hapo kidogo. Ukiwa na makazi ya kudumu Tanzania, na ukawepo nchini sehemu yoyote ya mwaka huo, wewe ni mkazi. Sehemu yoyote. Haijasema miezi, haijasema hata wiki. Sasa angalia sisi tunavyoishi, mtu anahamia Dubai mwezi wa kwanza, nyumba yake ya Goba iko pale pale, mke na watoto wapo, gari limefunikwa turubai uani, halafu Desemba anarudi kwenda Moshi kuhesabiwa kama ilivyo ada, anakaa siku kumi anapanda ndege. Kijijini wamemhesabu na TRA nao wanaweza kumhesabu, mwaka mzima. Na wenzetu wa Unguja na Pemba msicheke, kodi ya mapato ni suala la Muungano, Idd ya Mkunazini inahesabika sawa na Krismasi ya Marangu.

Ukishakuwa mkazi unatozwa kwa mapato yako ya dunia nzima, siyo yale tu uliyoyapata Tanzania. Viwango vya mtu binafsi mkazi kwa upande wa bara ni hivi: kwa mwezi, shilingi 270,000 za kwanza hazina kodi, kutoka hapo mpaka 520,000 ni asilimia 8, mpaka 760,000 asilimia 20, mpaka milioni moja asilimia 25, na kila kinachozidi milioni moja ni asilimia 30. Tufanye hesabu ya mtu anayeingiza milioni 4 kwa mwezi, ambayo kwa kazi za dola siyo ajabu. Milioni ya kwanza inazaa kodi ya 128,000. Milioni tatu zilizobaki kwa asilimia 30 ni 900,000. Jumla 1,028,000 kwa mwezi, kwa mwaka ni 12,336,000. Hiyo ndo hela inayobishaniwa kwenye zile siku kumi za Krismasi, siyo mchezo.

Sasa mtu atasema lakini huko niliko nalipa kodi, nitalipaje mara mbili? Hapo kuna unafuu, sheria yetu inamruhusu mkazi aliyelipa kodi ya mapato nje kwenye mapato yale yale aidai ipunguzwe kwenye kodi ya hapa, ila haiwezi kuzidi kodi ambayo Tanzania ingetoza kwenye mapato hayo. Ukilipa Ureno asilimia 35 hurudishiwi ile tofauti, unafika sifuri unaishia hapo. Na ukilipa sifuri huko, kama Dubai, hakuna cha kuja kudai kipunguzwe, kwa hiyo ule usemi wa "Dubai hakuna kodi" ni kweli kwa Dubai, siyo kweli kwa nyumba ya Goba. Hilo ndo watu hawaambiwi na wanaouza vifurushi vya kuhamia Dubai.

Ipo pia mikataba ya kuzuia kutozwa kodi mara mbili, ambayo pamoja na mambo mengine inaamua mtu ni mkazi wa nchi ipi pale nchi mbili zinapomgombania. Ambayo Tanzania imekuwa nayo kwa miaka mingi ni na nchi chache: Afrika Kusini, Canada, Denmark, Finland, India, Italia, Norway, Sweden na Zambia. Angalia orodha hiyo vizuri halafu uangalie nchi unayoitaka. Ureno haimo, Mauritius haimo, Uingereza na Marekani pia hazimo.

Ufanyeje basi? Njia ziko mbili tu za kiungwana. Ya kwanza, kubali kwamba wewe bado ni mkazi, lipa nyumbani, na huko nje chagua nchi ambayo haitakutoza juu yake (Mauritius inakuja chini hapo). Ya pili, hama kweli. Kuhama kweli maana yake familia mmeondoka wote, nyumba ina mpangaji kwa mkataba wa maandishi na anaishi humo, na siku zako za kuja kusalimia zinahesabiwa kwa karatasi. Nyumba uliyoifunga na funguo kamwachia mdogo wako, ukija unalala chumbani kwako kwenye kitanda chako, kwa maoni yangu hiyo bado ni makazi, sioni utamshawishi vipi afisa. Ya mpangaji angalau una hoja, ila kumbuka hela ya pango nayo ni mapato ya Tanzania, ina kodi yake hata kama wewe siyo mkazi tena.

Wapo wanaosema TRA watajuaje. Labda hawatajua mwaka huu. Lakini watu wetu hela ya nje hawaili yote, wananunua kiwanja, wanajenga, wanaingiza gari, wanaomba mkopo benki, na siku hiyo ndo mtu anaulizwa hela imetoka wapi na ritani (fomu za kutamka mapato ya mwaka) ziko wapi, unakuta unalipa ya miaka yote na riba juu.

Ukiwa mkazi na mwajiri wako yuko nje hana ofisi Tanzania, hakuna anayekukata kodi kwenye mshahara, kwa hiyo kazi hiyo ni ya kwako mwenyewe: unachukua TIN, unapeleka makadirio ya mwaka mwisho wa mwezi wa tatu, unalipa kwa awamu nne mwisho wa Machi, Juni, Septemba na Desemba, halafu ritani ya mwisho inaingia ndani ya miezi sita baada ya mwaka kuisha, yaani 30 Juni. Mtafute mhasibu aliyewahi kushika faili la mtu mwenye mapato ya nje, siyo yule wa dukani kwenu anayejua mashine ya risiti ya EFD tu.

Daftari la siku

Hili ni dogo lakini ndo litakalokuokoa. Fungua Ekseli au hata daftari la kawaida, weka tarehe ya kuingia, tarehe ya kutoka, nchi, namba ya ndege au basi, na umelala wapi. Siku ya kufika na siku ya kuondoka andika zote mbili kama siku kamili, ukikosea ukosee upande wa usalama. Tunza bodingi pasi, piga picha weka kwenye barua pepe yako, kwa sababu mageti ya kisasa ya eapoti hayagongi mhuri na baada ya miaka mitatu hakuna anayekumbuka. Upande wa Ulaya tangu 12 Oktoba 2025 walianza mfumo wa kielektroniki wa kusajili kuingia na kutoka eneo la Schengen badala ya mihuri, alama za vidole na picha, kwa hiyo siku zako kule zinahesabiwa na kompyuta na kompyuta haisahau.

Kabla ya viza, bosi

Karibu kila viza ya watu wa kazi za mtandaoni inataka barua ya mwajiri, na hapa ndo wengi wanakwama kwa sababu bosi hajui kama unataka kuhama. Mwambie. Kampuni ina sababu zake za kuogopa, inaweza kuonekana ina ofisi kwenye nchi uliyohamia ikaanza kudaiwa kodi ya kampuni au michango ya hifadhi ya jamii huko, nyingine zimebanwa na mikataba ya data za wateja wao. Kampuni nyingine zitakwambia pitia Deel au Remote, hizo zinakuajiri kwa niaba yao kwenye nchi husika na kukata kodi ya pale, sawa, ila ujue kwamba ukishaajiriwa kwa sheria ya nchi hiyo wewe siyo tena mfanyakazi wa mbali mbele ya uhamiaji wao, ni mwajiriwa wa ndani na viza yake ni nyingine.

Barua yenyewe isiwe ya kusifia tabia yako. Inatakiwa iseme mambo haya kwa namba: umeanza kazi lini na mkataba unaisha lini, mshahara kwa mwezi kabla ya makato na kwa sarafu gani, kwamba kazi unaifanya kwa mtandao na kampuni imekuruhusu kuifanyia nchi fulani kuanzia tarehe fulani, na kwamba kampuni haina biashara kwenye nchi hiyo. Karatasi yenye nembo, sahihi, jina na cheo. Frilansa mwenye wateja watatu wanne atumie mikataba pamoja na invoisi za miezi sita, na invoisi ziwe zinalingana na hela iliyoingia benki. Hiyo ya kulingana naisisitiza. Invoisi inasema dola 1,900, benki imeingia 1,851 kwa sababu ya makato ya Payoneer au Wise, weka na risiti ya makato.

Na hapo hapo kuna tatizo letu la nyumbani, hela inakuja inaishia kwenye simu. Mtu ana kipato kizuri kabisa lakini stetimenti ya benki inaonyesha elfu themanini na tano, zote ziko M-Pesa. Afisa wa ubalozi hana muda wa kusoma meseji zako. Miezi sita kabla ya kuomba, pitisha malipo yote benki, tarehe zile zile kila mwezi, halafu kutoka benki ndo upeleke kwenye simu ukale. Usikope hela kwa shemeji uijaze wiki ya mwisho, hiyo wameshaizoea.

Nchi tatu, kwa ukweli wake

Mauritius kwa mtu wa mshahara wa kati ndo ningeanza nayo. Viza yao inaitwa Premium, ilianzishwa 2020, ni ya mwaka mmoja na inaweza kuongezwa. Kiwango cha kipato ni dola 1,500 kwa mwezi, ukiwa na mtoto unaongeza dola 500 kwa kila mmoja, na unaomba kwa mtandao. Sharti kubwa ni kwamba kazi na kipato viwe nje ya Mauritius, huruhusiwi kuingia soko lao la ajira, na uwe na bima ya afya na ya safari kwa muda wote. Kiingereza kinatosha, na saa zao zimetuzidi moja tu.

Kodi yao ndo tamu. Ukifika siku 183 kwenye mwaka wao wa kodi, ambao unaanza Julai siyo Januari, unakuwa mkazi, au ukifikisha siku 270 kwa mwaka huo na miwili iliyotangulia. Lakini mwenye Premium akifanya kazi ya mbali akiwa kisiwani, mapato hayo yanahesabika pale tu anapoyaingiza nchini. Kulipa supu yako na pango kwa kadi ya benki ya nje hakuhesabiki kuingiza. Kuweka hela kwenye akaunti ya benki ya Mauritius ndo kunahesabika, isipokuwa utamke kwamba kodi yake imeshalipwa kwenye nchi yako. Sasa rudi kule kwa mkazi wa Tanzania anayelipa kodi yake nyumbani: huyu Mauritius haimgusi, analipa mara moja tu, na karatasi zake ni safi pande zote mbili. Ndo maana nikasema uanze na kodi.

Dubai ni ya wenye kipato kikubwa kidogo. Viza yao ya kazi za mbali ni ya mwaka mmoja, inaanzia dola 3,500 kwa mwezi (mwanzo 2020 ilikuwa 5,000 wakaishusha), wanataka mkataba wa kazi, stetimenti za miezi mitatu na bima ya afya ya kule. Unapata kitambulisho cha Emirates ID, unafungua akaunti, unapanga nyumba kihalali. Mshahara hauna kodi ya mapato. Frilansa angalia kidogo, tangu Juni 2023 kuna kodi ya biashara ya asilimia 9, kwa mtu binafsi inamgusa mauzo yake ya biashara yakizidi dirham milioni moja kwa mwaka, wengi wetu hatupo hapo lakini ni vizuri kujua. Usikae nje ya Falme za Kiarabu zaidi ya miezi sita mfululizo, ukazi unaweza kufutwa.

Faida halisi ya Dubai kwa aliyehama kweli ni cheti cha ukazi wa kodi. Tangu Machi 2023 wanaweza kukutambua mkazi wa kodi kwa siku 183, au siku 90 tu kama una kibali cha ukazi na una makazi ya kudumu au kazi au biashara kule. Cheti hicho ndo unaweka kwenye faili lako. Ila kama hujashughulikia mlango wa tatu wa TRA, cheti peke yake hakiifuti nyumba ya Goba.

Na kwa sababu wengi wa Unguja na Mombasa wana ndugu Muscat na wanafikiria kwenda kukaa kwa mjomba na kompyuta, viza ya kutembelea ndugu siyo viza ya kufanya kazi, na Oman nayo ile sifa ya kutokuwa na kodi ya mtu binafsi inaisha, mwaka 2025 walipitisha sheria ya asilimia 5 kwa mapato yanayozidi rial 42,000 kwa mwaka, kuanzia 2028. Rial 42,000 ni hela nyingi sana kwa hiyo usipate presha, lakini ni nchi ya kwanza ya Ghuba kufanya hivyo.

Ureno ndo kila mtu anaiota. Viza yao ya kazi za mbali, D8, ilianza Oktoba 2022, kipato kiwe mara nne ya kima cha chini cha mshahara wao, kwa 2025 kima kilikuwa euro 870, mara nne ni 3,480 kwa mwezi, na kila Januari kikipanda na wewe unapandishiwa. Wanataka mkataba wa nyumba kabla hujafika, hati ya polisi ya tabia njema, bima, namba yao ya kodi inayoitwa NIF. Baada ya kufika unakwenda AIMA, ofisi yao ya uhamiaji, kuchukua kadi ya ukazi na hapo uwe na subira, foleni zao ni maarufu.

Kodi ya Ureno sasa ndo inayoua ndoto. Siku 183 ndani ya miezi 12 yoyote, siyo lazima iwe ya kalenda, au hata chini ya hapo kama una nyumba inayoonyesha umekuja kukaa, wewe ni mkazi na viwango vinapanda mpaka asilimia 48. Ule mpango wa punguzo waliokuwa wanausifia kwenye video, NHR, ulifungwa kwa wageni wapya kuanzia 2024, uliokuja badala yake una asilimia 20 lakini ni wa kazi maalum za utafiti na ubunifu, msimamizi wa mitandao ya kijamii haumhusu. Frilansa anaongeza na hifadhi ya jamii asilimia 21.4 inayopigwa kwenye asilimia 70 ya mapato, ila miezi 12 ya kwanza amesamehewa. Mimi Ureno ningemshauri mtu anayetaka kuishi Ulaya kwa muda mrefu na watoto wasome huko, siyo mtu anayetaka kubakiza hela.

Nyingine kwa haraka. Namibia wana viza ya miezi sita, dola 2,000 kwa mwezi, nzuri kwa kujaribu. Afrika Kusini walianzisha yao 2024 lakini kiwango ni zaidi ya randi 650,000 kwa mwaka, ambayo ni zaidi ya randi 54,000 kwa mwezi, wachache watafika. Estonia wana viza ya kazi za mbali ya euro 4,500 kwa mwezi, na wana pia ile e-Residency ambayo watu wanaichanganya, ile ni kitambulisho cha kufungulia kampuni mtandaoni, haikupi hata siku moja ya kulala Tallinn.

Kwenda na viza ya utalii

Watu wanafanya, sitajifanya sijui. Kujibu barua pepe mbili hotelini hakuna atakayekufuata. Ila kukaa miezi mitatu Schengen kwa viza ya utalii ukifanya kazi saa nane kila siku ni jambo jingine, na ukiulizwa mpakani umekuja kufanya nini ukasema "kazi" umejifunga mwenyewe. Schengen ni siku 90 ndani ya siku 180 zozote, ukitoka kwenda Serbia wiki moja ukarudi hesabu haianzi upya. Ukizidisha, ile rekodi itakusubiri kwenye ombi lako la viza linalofuata, na pasipoti zetu hazina uzito wa kusamehewa.

Wakenya

Kwenu sheria ya ukazi ni pacha wa yetu: makazi ya kudumu na kuwepo siku yoyote ya mwaka, au siku 183, au wastani wa zaidi ya 122 kwa miaka mitatu. Viwango ndo vinatofautiana, vinaanzia asilimia 10 kwa shilingi 24,000 za kwanza za mwezi, vinapita 25 na 30, mpaka 32.5 na 35 kwa wenye zaidi ya 500,000 na 800,000, halafu kuna nafuu ya binafsi ya 2,400 kwa mwezi. Ritani ni iTax mwisho 30 Juni. Mchezo wa kubofya ritani ya sifuri kila mwaka wakati dola zinaingia Equity au KCB kila mwezi ni wa hatari kuliko kuchelewa, ukichelewa faini ni shilingi 2,000 au asilimia 5 ya kodi, ipi kubwa, lakini ya sifuri umetamka jambo lisilo kweli kwa jina lako na PIN yako. Mna mikataba ya kodi na Uingereza, Ujerumani, Ufaransa, na Falme za Kiarabu, kwa hiyo yule wa Nyali aliyehamia Dubai ana kifungu cha kujitetea.

Mteja akiwa Marekani

Hili linawatisha wengi bure. Mteja wa Marekani akikutumia fomu ya W-8BEN, hakudai kodi, anataka utamke kwamba wewe siyo mtu wa Marekani. Unaandika jina kama lilivyo kwenye pasipoti, nchi ya uraia, anwani ya unakoishi kweli (siyo sanduku la posta peke yake), namba yako ya kodi ya nyumbani, unaweka sahihi. Sehemu ya mkataba wa kodi Mtanzania na Mkenya tunaiacha wazi kwa sababu hatuna mkataba nao. Kazi uliyoifanya ukiwa nje ya Marekani siyo mapato ya Marekani kwa sheria yao, kwa hiyo hakuna cha kukatwa asilimia 30. Fomu inaisha mwisho wa mwaka wa tatu baada ya mwaka uliosaini, ukisaini 2025 inakufa 31 Desemba 2028. Ukienda Houston kwa dada yako ukafungua laptopu ukafanya kazi pale, siku hizo ni kazi ya ndani ya Marekani na fomu hiyo haikufuniki, na viza ya kutembelea nayo haikuruhusu.

Wale waliokwishapata uraia wa Marekani au grinikadi na sasa wanataka kurudi kukaa Bagamoyo au Kilifi na kazi yao ya Marekani, ninyi mnabeba pande zote mbili. Marekani inamtoza raia wake popote alipo. Kuna msamaha wa mapato ya kazi ya nje, kwa mwaka wa 2025 ni dola 130,000, ukiwa nje siku 330 kamili ndani ya miezi 12, lakini msamaha huo haugusi kodi ya kujiajiri ya asilimia 15.3 na hakuna makubaliano ya hifadhi ya jamii kati yao na Tanzania wala Kenya. Akaunti zako za CRDB au NMB na nyinginezo za nje zikijumlishwa zikapita dola 10,000 siku yoyote ya mwaka, unatoa taarifa kwa serikali ya Marekani. Mwenye grinikadi akikaa Bagamoyo mwaka mzima anaweza kuikosa kabisa akirudi. Na huku Tanzania uraia ukiwa umeshaupoteza huingii tena kama raia, viza ya kawaida ya kuingilia haikupi ruhusa ya kufanya kazi, na nyumba ya baba yako Bagamoyo haikupi. Ule unafuu wa kodi wa mgeni ambaye jumla ya ukazi wake Tanzania maisha yake yote haijazidi miaka miwili, anayetozwa kwa mapato ya ndani tu, wewe uliyesoma Jangwani mpaka fomu foo miaka miwili hiyo uliimaliza kabla hujavaa sketi ya shule.